Kanisa na Desturi: Mafunzo ya Mwaka 1929

"Mwacha mila ni mtumwa," wazee husema. Kanisa nalo hufundisha kwamba mtu asiyeweza kuacha jambo baya ni mtumwa vile vile. Kati ya maneno haya mawili Wakristo wa Kenya wamekuwa wakienda kwa zaidi ya miaka mia moja, na safari yenyewe haikuwa nyepesi. Ngoma, mahari, ndoa ya wake wengi, matanga, pombe ya kienyeji: kila moja ya hayo limepata kuletwa mbele ya wazee wa kanisa, na kila mara swali ni lile lile. Je, jambo hili ni dhambi, au ni desturi tu ya watu ambayo mgeni hakuielewa?

Katika mambo hayo yote hakuna lililolitikisa kanisa kuliko tohara ya wasichana katika nchi ya Wakikuyu mwaka 1929. Katika miezi michache watu wengi mno waliondoka katika makanisa ya misheni, shule zikabaki bila wanafunzi, ndugu wakaacha kula pamoja. Makanisa yaliyozaliwa katika ugomvi ule yapo hata leo. Tena desturi yenyewe haijakwisha kabisa katika nchi. Kwa hiyo yafaa habari hii ikumbukwe vizuri, maana wengi huisimulia nusu tu, kila mtu nusu impendezayo.

DESTURI YENYEWE

Kwa Wakikuyu wa zamani tohara, iitwayo irua, ilikuwa ya wavulana na ya wasichana pia, na haikuwa kisu peke yake. Waliotahiriwa msimu mmoja walihesabiwa kuwa rika moja mpaka kufa kwao, na rika lilikuwa na jina lake. Wakati huo kijana alifundishwa adabu, heshima kwa wakubwa, mambo ya ndoa na ya nyumba. Msichana asiyetahiriwa aliitwa kirigu, nalo lilikuwa neno la aibu. Ilikuwa vigumu mtu mwenye heshima zake akubali kumtolea mahari, na wenzake hawakumhesabu kuwa mtu mzima. Basi kumwambia mzazi asimtahiri binti yake ilikuwa sawa na kumwambia amtoe binti katika kabila.

Lakini kisu nacho kilikuwa kisu. Madaktari wa misheni waliletewa wasichana waliovuja damu nyingi na wenye vidonda vilivyooza, na baadaye wanawake walioshindwa kujifungua kwa sababu ya makovu. Tangu mwaka 1906 misheni ya Kanisa la Scotland ilianza kufundisha kwamba tohara ya wasichana ni jambo baya. Misheni ya Kijabe, iitwayo Africa Inland Mission, nayo ilifundisha vivyo hivyo. Katika habari ya madhara ya mwili madaktari wale walisema kweli, na elimu ya siku hizi imethibitisha maneno yao. Yafaa jambo hili lisemwe waziwazi kabla ya kuendelea mbele, maana kosa la kanisa halikuwa hapo.

KIRORE

Mwezi wa Machi 1929 wajumbe wa makanisa kadha wa kadha walikutana Tumutumu, katika nchi ya Nyeri, wakaamua kwamba mshirika atakayeifuata desturi ile asimamishwe katika kanisa. Chama cha Kikuyu Central Association, kilichoanzishwa mwaka 1924, kilipinga. Katibu wake, Johnstone Kenyatta, alikuwa London mwaka huo kupeleka malalamiko ya Wakikuyu juu ya mashamba yao. Huku nyumbani chama kiliwaambia watu kwamba misheni inataka kuvunja kabila.

Ilipofika miezi ya mwisho ya mwaka, mambo yalizidi kuwa makali. Dakta John Arthur, mkuu wa misheni ya Scotland pale Kikuyu, alikuwa mtu wa imani na wa bidii, lakini hakuwa mtu wa kungoja. Washirika na walimu walitakiwa kukiri kwa maandishi kwamba wameikataa tohara ya wasichana, na pia kwamba wamekiacha kile chama. Asiyejua kuandika alitia alama ya kidole gumba. Alama hiyo kwa Kikuyu huitwa kirore, nalo neno hilo likawa jina la watu: waliokubali waliitwa Kirore, na waliokataa wakaitwa Aregi, yaani wakataao.

Na msomaji apime sharti lile lilikuwa na uzito gani. Katika karatasi moja yaliwekwa mambo mawili yasiyolingana. La kwanza lilikuwa juu ya mwili wa msichana, na daktari alikuwa na haki ya kusema. La pili lilikuwa juu ya chama cha siasa, na chama kile ndicho kilichokuwa kikidai mashamba. Mkulima ambaye babake alinyang'anywa shamba aliambiwa kwamba hawezi kushiriki meza ya Bwana mpaka aache kulidai kwa njia ya chama chake. Na alama ya kidole gumba yeye aliijua tayari, maana ndiyo iliyokuwa katika kipande alichokivaa shingoni kwa amri ya serikali. Je, ni ajabu kwamba watu waliona kirore kuwa kipande cha pili? Uvumi ukaenea kwamba Wazungu wanataka wasichana wasiotahiriwa ili wawaoe, na kwa njia hiyo wapate mashamba yaliyobaki. Uvumi huo haukuwa wa kweli, lakini ulipata masikio kwa sababu habari ya mashamba ilikuwa ya kweli.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa macho lakini kubwa katika mabishano. Waliotafsiri Agano Jipya kwa Kikuyu walitumia neno muiritu kumtaja bikira. Katika Kikuyu cha siku zile muiritu alikuwa msichana aliyekwisha kutahiriwa. Basi wakataao waliuliza: ikiwa Mariamu mwenyewe aliitwa muiritu, ni wapi katika Maandiko palipokatazwa desturi hii? Wamisionari hawakuwa na jibu jepesi. Wao ndio waliofundisha watu kusoma, na sasa watu walisoma.

WATU WATOKA

Pale Kikuyu sehemu kubwa ya washirika waliondoka, na Chogoria katika upande wa Meru mambo yalikuwa mabaya zaidi. Walimu waliokataa kutia sahihi walipoteza kazi. Wazazi wakawatoa watoto wao katika shule za misheni. Vijana waliimba na kucheza ngoma iitwayo Muthirigu, wakiwatukana wamisionari, machifu na Wakristo wa kirore, mpaka mwezi wa Januari 1930 serikali ikaipiga marufuku. Mwezi huo huo Hulda Stumpf, mmisionari mzee Mmarekani wa Kijabe, aliuawa usiku nyumbani mwake, na hakuna mtu aliyehukumiwa kwa mauaji yale. Hata katika Bunge la Uingereza habari ilikuwa imekwisha kufika, maana Desemba 1929 Duchess wa Atholl aliizungumza huko.

Si kila mahali palipokuwa na hasara moja. Mapadre wa Kikatoliki hawakuifanya desturi ile kuwa sharti la ushirika, na watu hawakuwakimbia. Waanglikana wa Kabete, Weithaga na Kahuhia walikuwa wapole zaidi kuliko Wascotland. Na Tumutumu, ingawa ilikuwa chini ya misheni ile ile ya Scotland, ilipoteza washirika wachache sana ikilinganishwa na Kikuyu.

Waliotoka hawakuuacha Ukristo. Hili ndilo jambo ambalo watu wa misheni walichelewa kulielewa. Waliotoka walitaka Biblia, walitaka ubatizo, walitaka shule zaidi ya vitu vyote, lakini walitaka kuwa navyo bila kuacha kuwa Wakikuyu. Wakajenga shule zao wenyewe kwa michango ya mbuzi, mbao na shilingi. Katika mwaka 1934 chama cha Kikuyu Independent Schools Association kilikuwa kimekwisha kusimama, na upande wa Kiambu kilikuwapo kile cha Karing'a, yaani cha Wakikuyu halisi.

Shule zikawapo, lakini nani atabatiza watoto? Mwaka 1935 alikuja kutoka Afrika Kusini Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa kanisa la African Orthodox. Aliwafundisha vijana wa Kikuyu kazi ya ukasisi, na mwaka 1937, baada ya kuwawekea mikono wanafunzi wake, akarudi kwao. Kutokana na kazi ile yalipatikana makanisa mawili: African Independent Pentecostal Church na African Orthodox Church. La pili, likiongozwa na Arthur Gatung'u Gathuna, liliungana mwaka 1946 na Upatriarka wa Aleksandria, ule wa zamani kabisa katika Afrika. Hivyo wakulima wa Kiambu, waliofukuzwa kwa kukataa karatasi ya Wascotland, wakajikuta katika kanisa moja na Wagiriki.

Mwaka 1939 chuo cha walimu kilifunguliwa Githunguri chini ya Peter Mbiyu Koinange. Watu walikichangia kwa marika, kila rika likishindana na jingine, na kwa njia hii desturi iliyodharauliwa ikawa njia ya kujenga chuo. Lakini ilipotangazwa Hali ya Hatari mwezi wa Oktoba 1952, serikali iliziona shule hizi kuwa mashamba ya Mau Mau. Zaidi ya shule mia moja zilifungwa, na pale Githunguri, mahali pa chuo, pakawekwa mti wa kunyongea watu. Kanisa la African Independent Pentecostal lilipigwa marufuku, lisipate tena nafasi yake mpaka nchi ilipopata uhuru.

NGAO YA WASICHANA

Katika mabishano yote hayo ya mwaka 1929 wanaume walisema sana: wamisionari, wazee, viongozi wa chama, machifu. Wasichana wenyewe hawakuulizwa neno.

Lakini katika nchi ya Nyeri wanawake Wakristo walikuwa na shirika lao lililoitwa Ngo ya Tuiritu, maana yake ngao ya wasichana. Kazi yao ilikuwa kuwalinda mabinti waliokataa kutahiriwa au ambao wazazi wao walikataa, wasikamatwe kwa nguvu, tena wasiachwe peke yao. Mwaka 1931 wanawake hawa waliliandikia baraza la wenyeji la South Nyeri. Walisema kwamba wanawashangaa wanaume wanaolizungumza jambo hili, ilhali wanaume hawazai na hawayajui maumivu yake.

Na msomaji atazame jina walilolichagua. Tuiritu ni neno lile lile la muiritu ambalo wakataao walilitoa katika Agano Jipya kuitetea tohara. Wanawake hawa hawakulitupa neno hilo wala hawakulikopa la kigeni. Waliwaita muiritu mabinti wasiotahiriwa, kana kwamba wanasema: huyu naye ni msichana kamili, ni wa kwetu, na atakayemgusa atatugusa sisi. Dakta Arthur alitaka alama ya kidole. Wanawake wa Nyeri walimpa msichana mahali pa kusimama. Pengine ndiyo sababu moja iliyofanya upande ule usivunjike kama Kikuyu.

Jambo kama hilo lilionekana pia katika Uamsho, ulioanza Rwanda na Uganda ukaingia Kenya mwaka 1937. Watu wa Uamsho walikuwa wakali kuliko wamisionari wengi. Walikiri dhambi zao mbele ya watu, walilipa madeni ya zamani, walirudisha vitu walivyoiba. Lakini hakuna aliyewalazimisha kwa karatasi. Kila mmoja alisimama mwenyewe akasema mwenyewe, kisha ndugu zake wakamkumbatia. Ilipokuja vita ya Mau Mau wengi wao walikataa kula kiapo, na wengine walikufa kwa ajili hiyo. Mtu aliyetia kidole kwa hofu ya kupoteza kazi hawezi kusimama hivyo.

AMRI YA MERU

Mtu aweza kusema kwamba kosa la 1929 lilikuwa kosa la wageni, na kwamba amri ingetolewa na wazee wa kabila ingetiiwa. Jambo hilo lilijaribiwa. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, lilikataza tohara ya wasichana kwa kuungwa mkono na serikali. Matokeo yake yaliwashangaza wote. Wasichana walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani, wakatahiriana wenyewe kwa wenyewe. Waliitwa Ngaitana, maana yake "nitajitahiri". Katika miaka mitatu hivi zaidi ya 2,000 kati ya wasichana na wazazi wao walishtakiwa wakatozwa faini.

Basi haikuwa habari ya Mzungu na Mwafrika peke yake. Wazee wa Njuri walikuwa Wameru halisi, na amri yao ilishindwa vile vile. Walikataza kisu lakini hawakusema msichana atakuwaje mtu mzima bila kisu. Walimfungia mlango mmoja, wala hawakumfungulia mwingine.

SIKU HIZI

Hesabu za serikali zaonyesha kwamba desturi hii imepungua sana. Katika uchunguzi wa mwaka 1998, wanawake 38 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wametahiriwa. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 15 katika kila 100. Sheria ya kukataza ukeketaji ilipitishwa mwaka 2011, na mwezi wa Machi 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kuiondoa. Lakini kupungua kulianza kabla ya sheria, na sababu kubwa ni shule za wasichana. Hata hivyo kuna sehemu za kaskazini mashariki, na kwa Wakisii, ambako desturi ingali na nguvu. Tena imebadili sura: hufanywa kwa siri, kwa watoto wadogo zaidi, na mara nyingine na wauguzi wanaolipwa fedha, bila ngoma wala mafunzo. Yaani mafunzo yamekwisha na kisu kimebaki. Mababu wenyewe wasingeitambua.

Mwaka 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, chama cha Maendeleo ya Wanawake pamoja na wenzake walianza njia nyingine iliyoitwa Ntanira na Mugambo, maana yake tohara kwa maneno. Wasichana walikaa faraghani kwa siku chache, wakafundishwa mambo ya mwili, ya heshima na ya ndoa, kisha wakatolewa mbele ya watu kwa nyimbo, karamu na zawadi, bila kisu. Makanisa mengi yameichukua njia hiyo tangu hapo. Kwa upande wa wavulana, ambao tohara yao haina ubishi kwa Wakikuyu na Wameru, makanisa siku hizi huwakusanya mwisho wa mwaka, daktari hufanya kazi yake, na wazee wa kanisa huwafundisha mpaka wapone. Wazazi huwapeleka kwa furaha, maana wamechoka kuona vijana wakipigwa na kuleweshwa pombe na wanaojiita walezi wao.

Kwa hiyo kanisa lililotoka katika desturi mwaka 1929 limerudi ndani yake, na hakuna aliyepotea kwa ajili hiyo. Wazee wa kanisa wanaokabiliwa leo na mambo mengine, kama vile mahari iliyogeuka biashara, matanga yanayokula shamba la mjane, au vijana wa mjini wanaoona ibada ya wazee kuwa ya usingizi, wana mfano wa kutazama. Si lazima wakubali kila kitu kwa kuwa ni cha kwetu, wala wakatae kila kitu kwa kuwa ni cha zamani, au kwa kuwa ni kipya. Penye madhara na yasemwe, kama madaktari wale walivyosema. Lakini yasitiwe katika karatasi moja na siasa au fedha, na wale ambao jambo lenyewe lawaumiza waulizwe kwanza.

Mwezi wa Desemba ukifika, katika vijiji fulani bado atakuwapo msichana wa miaka kumi na miwili aliyeahidi shuleni au kanisani kwamba hatakubali. Sheria iko upande wake, na mchungaji pia. Lakini jioni ile wenzake watakapokuwa wakiimbiwa, yeye ataketi na nani? Kama wanawake wa kanisa hawajafikiri habari ya jioni ile, mahubiri yote yaliyotangulia yatamsaidia kidogo tu.